Usiulizie Gurudumu, Pima Fremu

Ingia duka lolote la baiskeli, iwe Kariakoo, Mwanza au Kisumu, na swali la kwanza utakaloulizwa ni kama unataka ishirini na nne, ishirini na sita au ishirini na nane. Hizo ni inchi za gurudumu. Muuzaji akishapata jibu, mazungumzo yanahamia kwenye rangi, gia, keria na bei. Urefu wa fremu hautajwi kabisa. Wala hutajiwa umbali kutoka kwenye kiti hadi kwenye usukani, na huo ndio utakaoamua kama mabega yako yatatulia baada ya nusu saa barabarani au yatakuwa yanawaka moto. Huku ni kununua kiatu kwa kuulizia urefu wa kamba zake.

Jambo hili linanikera kwa sababu baiskeli kwetu ni chombo cha kazi. Inabeba maji, mkaa, ndizi, magunia ya mahindi, mgonjwa anayepelekwa zahanati na mwanafunzi anayewahi kengele ya asubuhi. Mtu anayekaa juu yake saa mbili au tatu kwa siku, kwenye fremu isiyolingana na mwili wake, huumia saa zote hizo, na mwishowe huamini kwamba maumivu ni sehemu ya kuendesha baiskeli. Si kweli. Sehemu kubwa ya ganzi ya viganja, shingo kukakamaa na kiuno kuuma ina chanzo kinachopimika kwa utepe wa kawaida.

Kulikuwa na wakati ambapo ukubwa wa gurudumu ulikuwa na maana kamili. Katika miaka ya 1870 Waingereza waliendesha baiskeli zenye gurudumu kubwa mno mbele na dogo nyuma. Pedeli zilifungwa moja kwa moja kwenye ekseli ya gurudumu la mbele, na mwendeshaji alikaa juu yake. Mwenye miguu mirefu alinunua gurudumu kubwa, mwenye miguu mifupi alinunua dogo. Kuuliza gurudumu kulikuwa kuuliza mwili. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa mji wa Coventry akatoa baiskeli yake ya Rover, yenye magurudumu yanayokaribiana ukubwa na mnyororo unaozungusha lile la nyuma. Tangu hapo gurudumu halikuwa tena na habari ya miguu ya mtu, na kazi ya kuulinganisha mwili na chombo ikahamia kwenye fremu. Zaidi ya miaka 140 imepita, na sisi bado tunauliza gurudumu.

Tuingie sasa ndani ya fremu yenyewe. Mwili hukutana na baiskeli mahali patatu: nyayo kwenye pedeli, makalio kwenye kiti, viganja kwenye usukani. Katika hayo matatu, ekseli ya pedeli ndiyo isiyosogea hata kidogo, kwa sababu nyumba yake ni sehemu ya fremu. Kwa hiyo upimaji huanzia hapo. Kiti hufuata miguu, na usukani hufuata kiti. Anayeanza kwa kuushika usukani dukani, akauona mzuri na akatoa pesa, ameanzia mwisho.

Urefu wa kiti una kanuni inayojulikana. Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda Tour de France mara tatu, aliieneza katika miaka ya 1980: simama peku ukiwa umeegemea ukuta, pima kutoka kwenye msamba hadi sakafuni, kisha zidisha kwa 0.883. Jibu ni umbali kutoka katikati ya ekseli ya pedeli hadi juu ya kiti. Si sheria ya dini, na kila mtu ataongeza au kupunguza kidogo, lakini inatosha kutuonyesha tatizo letu.

Mchukue mwanamke mwenye kimo cha sentimita 157, ambaye miguu yake kwa kipimo hicho ina sentimita 72. Kiti chake kinatakiwa kiwe karibu sentimita 63 na nusu juu ya ekseli. Sasa mpeleke kwenye ile baiskeli kubwa nyeusi ya magurudumu ya inchi 28, ambayo Wakenya huiita Black Mamba. Fremu yake huwa na urefu wa inchi 22 au 24. Inchi 22 ni sentimita 56. Kiti cha springi, hata kikishushwa hadi mwisho, kinaongeza sentimita nane hadi kumi juu ya bomba la fremu. Tayari tumefika 64 au 66. Ikiwa fremu ni ya inchi 24, yaani sentimita 61, kiti kilichoshushwa kabisa kinakaribia 70. Mama huyu hatafikisha nyayo chini ya mzunguko wa pedeli bila kuyumbisha nyonga kushoto na kulia, na hapo hatujagusa suala la mikono.

Mikono ndiyo penye mambo. Fremu inapokua kwa urefu, kwa kawaida hukua pia kwa kwenda mbele. Bomba la juu hurefuka, na shingo ya fremu, pale uma wa mbele unapoingia, husogea mbali na kupanda juu. Mtu mfupi kwenye fremu ndefu hujikuta amenyoosha mikono mpaka viwiko vimekaza. Kiwiko kilichokaza hakimezi mtikisiko wowote. Kila shimo la barabara ya vumbi husafiri kutoka kwenye tairi hadi kwenye uma, usukani, kiganja na bega bila kupunguzwa. Ili aone mbele huku amelala, analazimika kuinua kichwa na kukishikilia hapo kwa misuli ya shingo. Uzito ambao ungebebwa na kiti unahamia kwenye viganja, na upande wa kidole kidogo, chini kidogo ya kifundo cha mkono, kuna neva inayobanwa kirahisi. Ndiyo maana vidole viwili vya pembeni hufa ganzi kwanza.

Kinyume chake nacho kipo. Mtu mrefu kwenye fremu fupi hujikunja kiuno, magoti yanakaribia kugonga usukani anapokata kona, na nguzo ya kiti inavutwa juu kupita alama ya usalama mpaka siku moja inapinda au kuvunjika. Lakini kwetu hili ni nadra kuliko lile la kwanza, kwa hiyo silikalii.

Baiskeli nyeusi haistahili kubebeshwa lawama zote. Ukiitazama kwa makini utaona kuwa waliobuni mtindo huo huko Uingereza walijua walichokuwa wakifanya. Bomba la kiti na shingo vimelazwa nyuma, kwa nyuzi karibu 66 hadi 68, wakati baiskeli za mashindano huwa karibu na 73. Kulala huko kunalainisha mtikisiko na kufanya usukani utulie kwenye njia mbovu. Mikono ya usukani imekunjwa kurudi nyuma kumwelekea mwendeshaji, hivyo hata kama bomba la juu ni refu, viganja havifuatwi mbali. Mgongo unabaki umesimama na macho yanaona barabara. Kwa mtu mzima mwenye sentimita 175 na zaidi, chombo hicho ni cha raha kweli, ndiyo maana kimeishi muda mrefu hivyo. Wachina waliuchukua mtindo huo na kuutengeneza kwa wingi, Flying Pigeon kule Tianjin tangu 1950 na Phoenix kule Shanghai. Wahindi wa Ludhiana, Hero na Avon, wakafanya vivyo hivyo. Tulichopokea ni chombo kizuri kilichokatwa kwa mwili mmoja, kisha tukakigawa kwa miili yote.

Tena chombo hicho kina ugumu ambao mafundi wanaujua vizuri. Breki zake za asili si za waya. Ni fito za chuma zinazoungana na usukani, zikashuka hadi kwenye rimu. Ukitaka kuinua usukani sentimita tatu, unalazimika kulegeza na kupanga upya fito zote, vinginevyo breki zitashika wakati wote au hazitashika kabisa. Kwa hiyo usukani hubaki pale ulipofungwa siku baiskeli ilipotolewa kwenye boksi. Nimeona baiskeli zilizotumika mpaka rangi ikaisha, na nati ya usukani haijawahi kuguswa na spana.

Watu wanaoumia hutafuta dawa, na dawa ya kwanza inayowajia mara nyingi inaongeza ugonjwa. Mtu anaona usukani uko mbali, anasukuma kiti mbele. Inaonekana ni akili ya kawaida. Lakini kiti kikienda mbele, makalio yanasogea juu ya pedeli, kiwiliwili kinakosa cha kukipa mizani kwa nyuma, na uzito zaidi unaangukia viganja. Magoti nayo yanatangulia mbele ya pedeli na kubeba mzigo mpya. Kiti kiwekwe mahali miguu inapotaka. Kama usukani bado uko mbali, usukani ndio usogezwe.

Kuusogeza kunawezekana kwa kiasi. Shingo ya fremu imelala, kwa hiyo usukani ukipanda unarudi nyuma pia. Kwenye shingo ya nyuzi 68, kila sentimita moja ya kupanda inauleta usukani karibu milimita nne kuelekea kwako. Ukiinua sentimita tano, umepata sentimita mbili za bure. Stemu, yaani kile chuma kinachoushika usukani, inaweza kubadilishwa kwa fupi zaidi. Ile ya mtindo wa zamani inayoingia ndani ya shingo ina alama inayosema usivuke hapa, na alama hiyo iheshimiwe, kwa sababu usukani ukichomoka kwenye mteremko hakuna breki itakayokuokoa. Baada ya hapo umefika mwisho. Fremu iliyozidi sana haiponi kwa stemu.

Msomaji atauliza kwa nini viwanda visitengeneze tu fremu fupi zaidi kwa watu wafupi. Jibu linanivutia kuliko sehemu nyingine yoyote ya habari hii, kwa sababu linaturudisha kwenye gurudumu. Tuhesabu. Mkono wa pedeli una sentimita 17. Ncha ya kiatu hutangulia mbele ya pedeli kwa sentimita kumi hivi. Gurudumu la inchi 28, pamoja na tairi lake, lina sentimita 35 na nusu kutoka ekseli hadi nje. Jumlisha: 62 na nusu. Ekseli ya mbele ikiwa karibu na ekseli ya pedeli kuliko hapo, kiatu kitagusa tairi unapokata kona, na katika mwendo wa polepole utaanguka. Kwa gurudumu kubwa, basi, kuna mahali ambapo fremu haiwezi tena kufupishwa.

Viwanda vingi vilipofika hapo vilichukua njia ya mkato. Vilisimamisha bomba la kiti. Kwenye kimo cha kiti cha sentimita 70, kila nyuzi moja ya kulisimamisha inapeleka kiti mbele kwa sentimita 1.2 hivi. Kwenye karatasi bomba la juu linasomeka fupi, na mteja anaridhika. Akifika nyumbani anarudisha kiti nyuma ili magoti yakae vizuri, na umbali uleule wa usukani unamrudia. Nauita udanganyifu, hata kama hakuna namba ya uongo iliyoandikwa.

Njia ya kweli ilionyeshwa na Mmarekani Georgena Terry, mhandisi aliyeanzisha kampuni yake mwaka 1985 kwa ajili ya wanawake waliochoka kuumia. Kwenye fremu zake ndogo aliweka gurudumu la mbele dogo kuliko la nyuma. Gurudumu likipungua, fremu inaweza kufupishwa kikweli, kiatu hakigusi tairi, na usukani unamfuata mwendeshaji mahali alipo. Mtu aliyeanza na mwili akalifikia gurudumu amefanya kazi kwa mpangilio sahihi.

Siku hizi kampuni kubwa huchapisha vipimo viwili vinavyoziba mwanya wa ile njia ya mkato. Vyote huanzia ekseli ya pedeli na kuishia juu ya shingo ya fremu: kimoja kinapima kwenda juu, kingine kinapima kwenda mbele. Bomba la kiti lilale au lisimame, namba hizi hazibadiliki. Fremu mbili zenye saizi moja kwenye kibandiko zinaweza kupishana kwa sentimita mbili kwenye kipimo cha mbele, na sentimita mbili zinatosha kutofautisha safari ya raha na ya ganzi. Ni namba mbili tu. Muuzaji yeyote mwenye utepe anaweza kuzipima.

Wanamichezo walitambua zamani kwamba usukani ni jambo kubwa. Mwaka 1989 LeMond huyohuyo aliingia siku ya mwisho ya Tour de France akiwa nyuma ya Laurent Fignon kwa sekunde 50. Alifunga usukani wenye vishikio vya kulalia viwiko, akaenda kilomita 24.5 kutoka Versailles hadi Paris, na akashinda mashindano yote kwa sekunde nane. Mwaka 1993, Mskoti Graeme Obree alivunja rekodi ya dunia ya saa moja mjini Hamar, Norway, kwa kilomita 51.596, akiwa amekunja mikono chini ya kifua. Shirikisho la kimataifa la baiskeli likaupiga marufuku mtindo huo mwaka uliofuata. Obree akabuni mwingine, mikono imenyooshwa mbele kabisa, na Chris Boardman akautumia mwaka 1996 kufikisha kilomita 56.375. Huo nao ukapigwa marufuku.

Mwanga huo wa mashindano umetupotosha kidogo. Upepo ni adui wa mtu anayekwenda kilomita 50 kwa saa. Nguvu inayohitajika kuushinda hupanda kulingana na mchemraba wa kasi, kwa maana kwamba anayekwenda 15 anahitaji sehemu moja tu ya nane ya nguvu ya kupambana na upepo anayohitaji anayekwenda 30. Muuza maziwa anayetembea kilomita 14 kwa saa hana sababu ya kulala juu ya usukani. Anahitaji mgongo uliosimama, viwiko vilivyolegea na macho ya kuona lori linalokuja. Hata hivyo vijana wetu wananunua baiskeli za mlimani zenye usukani mpana ulionyooka na shingo ya mbali, kwa sababu zinafanana na za kwenye televisheni, na wanazitumia kupeleka mkate.

Huko mashindanoni kwenyewe, suala la kipimo kimoja kwa wote halijaisha. Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika, na kila mtu wa ukanda huu aliyejali baiskeli aliona fahari. Mwaka huohuo shirikisho lilitangaza kwamba kuanzia Januari 2026 usukani wa mashindano ya barabarani usipungue upana wa milimita 400, kutoka kiwango cha awali cha 350. Lengo lilikuwa usalama. Waendeshaji wanawake wakalalamika, na nawaunga mkono: mabega yao mara nyingi ni membamba, na usukani mpana unawalazimisha kutanua mikono kila siku ya kazi. Kama wanawake wa kulipwa, wenye madaktari na mafundi wao, bado wanapewa kipimo cha mwili wa mwingine, binti wa shule ya kata atasikilizwa na nani?

Binti huyo ndiye anayenihangaisha zaidi. Miradi mingi ya serikali, mashirika na wafadhili hugawa baiskeli kwa wanafunzi, na hilo ni jema. Lakini baiskeli za mgao huja aghalabu za saizi moja. Mtoto wa miaka kumi na miwili na kijana wa kumi na nane wanapokea fremu ileile. Mwenye bomba la juu la kuvuka huku amevaa sketi ya shule ana shida ya pili juu ya ile ya kwanza. Akishindwa, baiskeli inakuwa ya kaka yake, na ripoti ya mradi inaendelea kusomeka kwamba msichana alipewa usafiri.

Wakati tunasubiri viwanda, zipo baiskeli bora sokoni leo. Mimi nazipa nafasi ya kwanza zile za mtumba kutoka Japani, zenye kikapu mbele na fremu iliyoinama katikati bila bomba la juu la kuruka. Zilitengenezwa kwa akina mama wa mjini wanaobeba watoto na ununuzi. Magurudumu mara nyingi ni ya inchi 26, usukani umekunjwa kurudi kwa mwendeshaji, kiti kinashuka chini. Kwa mtu wa sentimita 155 zinakaa vizuri kuliko baiskeli mpya nyingi za bei mara mbili. Wanaume wanazidharau na kuziita za kike. Wangezipanda kwa wiki moja wangeacha maneno hayo.

Nawaomba waagizaji waandike kwenye kila baiskeli urefu wa bomba la kiti na ule wa bomba la juu, kwa sentimita, mahali panapoonekana. Nawaomba mashirika ya viwango, TBS ya Tanzania na KEBS ya Kenya, wafikirie kuliweka hilo kuwa sharti, maana halimgharimu mtu zaidi ya kibandiko. Wanaogawa baiskeli mashuleni waagize angalau saizi mbili, na wawapime watoto kabla ya kusaini oda. Nawe msomaji, ukienda dukani, chukua utepe wa fundi cherehani. Pima msamba wako nyumbani. Pale dukani omba kiti kiwekwe kwenye kimo chako kwanza, kaa, shika usukani, na uangalie viwiko. Vikiwa vimekaza, usikubali kuambiwa utazoea. Mwambie muuzaji alete fremu nyingine, na kama hana, nenda duka linalofuata.